Chambo cha mwisho cha baba

Temeke, Jumapili, Agosti 1952

Kimekwenda. Chambo cha mwisho alichotengeneza marehemu baba kwa manyoya meupe ya jogoo, akiyapunguza kwa mkasi wa mama. Leo asubuhi nguru amekata mshipi akaondoka nacho.

Kaka Salehe alinionya tukiwa ngalawani: "Tumia kile cha bati ulichonunua dukani. Hicho kiweke, ni kumbukumbu." Cha bati tulikiburuta saa nzima, hakikuguswa. Cha baba hakikumaliza dakika tano.

Nilirudi nyumbani naogopa kumwambia mama. Alinisikiliza, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Baba yako angekuuliza huyo nguru alikuwa mkubwa kiasi gani."

Nikamwonyesha kwa mikono. Nilizidisha kidogo, kama baba alivyozoea.