Nani Kakwambia Mama Yake Irini Alilia?

Rayners Lane, London
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Asha,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na Mama mzima, miguu haimsumbui sana na macho hayajazidi. Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Said kifua kinambana kidogo kwa baridi, Maryam amerefuka mpaka sketi za skuli zinamwaibisha, na mie ni mzima wa mwili. Roho ndiyo mgonjwa, na aliyeitia maradhi ni wewe. Salamu zimekwisha, sasa nipishe nigombe.

Ile bahasha kubwa ya mchapishaji wa Dar es Salaam imefika, ndani yake karatasi zote ulizopiga chapa, nizipitie kabla hakijachapwa kitabu. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja niende kazini. Nikaichana palepale ukumbini, nikaona maneno "Binti wa Kaisari" na jina langu chini yake, nikapiga kigelegele peke yangu mpaka Bi Kusum, yule Mhindi wa Mombasa mwenye duka hapa chini yetu, akapanda ngazi kuuliza nani kaolewa. Nilimkumbatia na unga wake wa dengu mikononi. Nilikuwa na furaha, Dada. Ilidumu vituo vinne vya treni.

Miaka mitatu nimekiandika hicho kitabu, nawe unajua nilivyokiandika. Nikirudi kazini nakaa juu ya kitanda na daftari, naandika habari za Irini, binti wa Kaisari wa Rumi, mwari wa miaka kumi na sita, anatolewa Kostantiniya, mji wa baba yake, kwenda kuozwa mfalme wa nchi za theluji ambaye hajapata hata kumwona. Nikijaza daftari nakuletea, wewe unalipiga chapa kwa mashine ya skuli, unampelekea mchapishaji. Kazi yako ilikuwa kupiga chapa. Kupiga chapa tu! Nani alikwambia utunge?

Mie niliandika Irini kaondoka peke yake na walinzi na makasha. Nafungua ndani ya treni, nakuta kuna mtu anaitwa Bi Sofia, ati somo yake, kungwi wake, anamsinga mwili kwa liwa, anamfukiza udi, anamfunda, kisha anapanda naye merikebu akakae naye siku saba za fungate. Fungate! Kwa Warumi! Kaisari wa watu ana majumba ya marumaru na dari za dhahabu, wewe umemgeuza mtu wa kwetu Unguja, wa Kikwajuni. Nilivyokuwa nikifoka, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Na uma wake je? Ule uma wa dhahabu mie nimeuhangaikia. Irini anafika kwa watu wa theluji, wao wanakula kwa mikono na visu, yeye anatoa uma, wanamcheka. Nilitaka wasichana wetu wasome hayo, kwa sababu mie nilipofika huku mambo yalikuwa kinyume, mie ndiye wa mkono na wao ndio wa uma, na kucheka walinicheka vilevile. Wewe umemnyang'anya uma ukampa kijiko, na pembeni umeandika ati mtoto aliyelelewa hachomi chakula chake. Ala! Nilipitiliza kituo, nikafika kazini nimechelewa, msimamizi akanikunjia uso siku nzima.

Basi Jumamosi nikaenda maktaba kukutafutia ushahidi. Nilisema nitamnakilia Asha ukurasa mzima, akome. Nikaomba vitabu vya Rumi, vinene hivyo, nikakaa navyo asubuhi yote. Bwana we! Kumbe mabinti wa kifalme walipoozwa mbali walifuatana na yaya wao na wanawake wa nyumbani kwao, wakakaa nao ugenini. Imo, kwa wino. Nilikifunga kile kitabu kwa kishindo mpaka mkutubi akanyanyua kichwa. Haya, somo abaki. Nakupa hilo, na usinichekelee.

Lakini mie nakujua. Wewe somo hukumweka kwa ajili ya Warumi.

Nakumbuka asubuhi ile kuliko unavyodhani. Mapinduzi yalikuwa yameshapita miaka minne, na wenye mabinti bado walikuwa hawana usingizi, wakihofia wasije wakachukuliwa kuozwa kwa nguvu. Baba, Mungu amrehemu, alitoka msikitini alfajiri akasema Zuhura ataondoka leo. Bi Mwanakheri, aliyeahidiwa kuwa somo yangu tangu nikiwa mdogo, hakuambiwa, habari zisije zikatoka nje. Sikusingwa, sikufundwa, sikupakwa hina hata ya ukucha mmoja. Nilipewa kikapu kimoja kama mtu anayekwenda Mombasa kuamkia jamaa. Mama alisimama mlangoni na buibui lake, akaniambia, "Nenda, na usigeuke nyuma." Akafunga mlango. Nilisikia komeo likiingia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, naolewa na mtoto wa ami yangu niliyemwona kwenye picha tu, na fungate yangu niliikaa peke yangu kwenye chumba kimoja hapa London na jiko la mafuta ya taa linalotoa moshi, maana Said alikuwa na siku moja tu ya mapumziko.

Said mume mwema, hilo sina la kusema. Lakini ule mlango sijausahau.

Ndiyo maana nilimwandika vile malkia, mama yake Irini. Anasimama langoni, macho makavu, anageuka, anaingia ndani. Mistari minne. Niliifanyia kazi mwezi mzima ile mistari minne. Nafungua, nakuta umeandika kwamba malkia aliingia nyuma ya pazia, akaokota mtandio wa bintiye, akajifunika uso, akalia mpaka adhuhuri ikampita na alasiri ikampita. Adhuhuri! Malkia wa Kirumi, Mkristo, ana msalaba kifuani, adhuhuri inampitaje? Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Nani kakwambia alilia?" Niliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu mwisho wa kitabu. Mie Irini wangu anazeekea kwenye theluji. Anajifunza lugha yao, anazaa watoto wanaomjibu kwa lugha ya baba yao, anakufa, anazikwa kulekule. Wewe umemrudisha. Kurasa mbili nzima si zangu! Anafika langoni, mama yake haoni tena, anampapasa uso kwa mikono, anasema, "Ndiye." Hasira zilinipanda, nikamwita Maryam nikamsomea miisho yote miwili, nikamwambia mwanangu, amua wewe, upi wa kweli?

Unamjua Maryam, Kiswahili anakisikia chote, kujibu anajibu Kizungu. Kaniuliza kwa nini Irini asirudi kwao tu. Nikamwambia njia ilikuwa mbali, tena mfalme asingempa ruhusa. Akaniuliza, na mfalme alipokufa je?

Dada, mfalme anakufa ukurasa wa themanini. Kitabu kina kurasa mia na arobaini. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimemuua. Nikamwambia Maryam akatandike kitanda chake.

Nikaanza kukuandikia barua moja, kali, bora hukuipata. Alhamisi, kabla sijaitia posta, ikaja yako. Nimeisoma mpaka mikunjo imelainika. Unasema kila daftari lililofika ulimsomea Mama baada ya alasiri, maana herufi hazioni tena, na kila siku ulipofunga daftari aliuliza neno lilelile, "Atarudi lini?" Unasema lile la mwisho ulilishika mkononi ukashindwa kumsomea kwamba mtoto wa watu kafia ugenini, ukaanza kumtungia kwa mdomo. Yeye akataka tena kesho yake, na kesho kutwa, ukaona ukipige chapa ulichosema usije ukakisahau, na karatasi zile zikenda kwa mchapishaji pamoja na nyingine. Haya. Hilo nimekuelewa, ingawa kosa ni kosa.

Lakini lile la pili! Unaniandikia chini kabisa, pale pa mwisho wa karatasi ambapo watu huandika salamu za majirani: "La malkia kulia sikulitunga, Zuhura. Mie nilikuwa ndani." Kwamba Mama alitia komeo ili asitoke kunikimbilia mwenyewe. Kwamba alikaa chini sakafuni na kanga yangu niliyoiacha kambani, ile ya maua ya zambarau, adhuhuri ikampita, alasiri ikampita, yeye ambaye sala haimpiti hata akiwa na homa. Kwamba alinikataza kugeuka kwa sababu ningegeuka asingeniachia. Na Baba akasema asiandikiwe mtoto, asije akavunjika moyo huko aliko.

Miaka kumi na tisa, Asha! Umeniandikia barua ngapi? Uliniandikia paka wa Bi Rukia kazaa juu ya kabati, ukanitajia na rangi za watoto wake mmoja mmoja. Hili hukulipatia nafasi? Baba kafariki miaka sita sasa, ulikuwa unamwogopa nani? Kila barua "Mama anakusalimu", "Mama anakusalimu", nami kila nikisoma nasema moyoni, anisalimu yeye aliyenifungia mlango. Mwanzo nilisema njia imefungwa, na kweli ilikuwa imefungwa. Ikafunguliwa. Watu wa hapa wameshakwenda mara mbili mara tatu, wanarudi na visheti na karafuu, wananiuliza weye je. Nikasema kazi. Nikasema skuli ya Maryam. Nikasema kifua cha Said. Nilikuwa na hasira na Mama, na nilikuwa naona haya kusema, ndiyo hivyo. Mfalme alishakufa zamani na mie nimekaa kwenye theluji.

Kazini, kwenye ile nyumba ya wazee, nina bibi mmoja namchana nywele na kumlisha uji kwa kijiko. Binti yake yuko Australia, haji. Kila nikimchana, nilikuwa nikimlaani yule binti kimoyomoyo, namna gani mtu anamwacha mamake avuliwe nguo na watu baki. Juzi Ijumaa nimeshika chanuo, nikataka kuanza, nikashindwa. Nilikwenda chumba cha mashuka nikalia mpaka msimamizi akanifuata, na safari hii hakukunja uso.

Sasa sikiliza, maana mchapishaji anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Uma umrudishie Irini wake. Somo abaki, liwa ipungue. Adhuhuri na alasiri ziondoke, sema alilia mpaka mishumaa ya kanisani ikaisha. Lakini kulia kubaki, nyuma ya pazia, na mtandio, neno kwa neno kama ulivyoandika. Ile mistari yangu minne itupe.

Na mwisho utakuwa wangu, usibishane nami. Irini atabaki kwenye theluji na atazikwa huko. Wasichana wenye kusoma wajue kwamba wapo wasiorudi, na kwamba mwingine hakukatazwa na mtu. Maryam kasema ndio wa kweli, ingawa kaukasirikia.

Ila Mama asisomewe ule mwisho. Akiuliza tena "Atarudi lini", mwambie mwezi wa saba, skuli zikishafungwa. Nimeomba likizo nimepewa wiki nne, na tiketi Said kakata mwenyewe, hata hakuningoja nimalize kusitasita. Yeye atabaki na kifua chake, nitakuja na Maryam. Atawajibu Kizungu siku mbili tatu, msimcheke, mwishowe atafungua mdomo. Tutafika mchana. Mwambie Mama komeo asitie.

Nisalimie watoto wa marehemu kaka, na Bi Rukia na ukoo wa paka wake. Bi Mwanakheri, somo yangu, kama bado ana nguvu za kusaga liwa, mwambie zile siku zangu saba nimezikumbuka na nazitaka, hata kama mwari mwenyewe ana mvi. Said anakusalimu. Bi Kusum anakusalimu, anasema kitabu kikitoka atakiweka dukani karibu na mchele.

Barua hii msomee Mama yote, uruke pale nilipokutukana tu. Na safari hii, Dada, usiongeze kitu. Soma kama ilivyoandikwa.

Mdogo wako,
Zuhura