Karatasi Ambayo Sikusaini

Butembo, Jumanne jioni

Kahindo amerudi kutoka shuleni na chaki mikononi, akanikuta nakohoa. Akacheka: «Papa, usikufe kwanza. Siku utakufa, batazika na kazi yangu.»

Ni kweli. Tangu miguu yangu ikatae, binti yangu hufundisha darasa langu, lakini kwenye orodha ya serikali mwalimu ni mimi.

Alitaka kuacha kufundisha mapema, apande mikaratusi kwenye shamba la marehemu mama yake, auze mbao, ajitegemee. Nilimwambia angoje: nitastaafu, nipate pensheni, naye aandikwe mahali pangu. Shamba nikaliuza. Mnunuzi akapanda mikaratusi. Kahindo hupita chini yake kila asubuhi.

Asilolijua ni hili. Mkurugenzi wa zamani wa shule yetu aliniletea karatasi za kustaafu, na nafasi ya Kahindo ilikuwa tayari. Sikusaini. Niliona wenzangu wakingoja pensheni mpaka kaburini, nikaogopa kulishwa na mtoto.

Sasa ananilisha kwa kijiko.

Mkurugenzi wa leo haahidi kitu. Nikistaafu, mshahara unakatika. Nikifa, unakatika pia. Kahindo ana miaka arobaini na sita na hajawahi kuandikwa popote.

Ananiita. Uji uko tayari. Nitamwambia kabla ya kijiko cha kwanza, kama nitathubutu.