Pale Baba Anapogeuka

Jumatatu, 4 Agosti

Imekwama tena. Palepale. Baba amekaa kwenye kigoda, uani kwao Misima, anageuza shingo kunitazama mimi niliyeshika simu, anafungua mdomo. Kaduara kanazunguka.

Video nyingine zote kwenye seva ya kuhifadhia video zinacheza, hata harusi ya dada. Ni hii tu ya Idd, ya mwisho tuliyomrekodi. Mama yuko kwenye eda hapa nyumbani Chanika, hana pa kwenda, na kila baada ya alasiri anaitaka. Korogwe natengeneza kompyuta za watu, nyumbani nashindwa na TV ya mama yangu. Aibu tupu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimebadilisha waya. Nimeshusha ubora wa picha. Wapi!

Video hii pekee niliichukua kwa simu yangu mpya, inayorekodi kwa mfumo ambao TV ya mama haiujui. Kwa hiyo seva, yaani kompyuta yangu ya zamani iliyo chini ya meza, inaigeuza video huku inaionyesha. Inazidiwa. Hilo naelewa. Lakini kwa nini palepale kila siku?

Shangazi, dada yake baba, amekuja kutoka Misima. Alitazama mara moja, akajifunika uso kwa khanga.

"Kaka ana neno. Huyu hajaridhika."

Anataka lifanyike tambiko. Mimi nilicheka, kisha nikaenda chumbani nikajifungia.

Alhamisi, 7 Agosti

Shuka!

Tangu msiba TV imefunikwa shuka. Mama akitaka kutazama hulitoa, hulikunja vizuri, huliweka juu ya seva. Matundu ya hewa yote yameziba. Video hii ndiyo pekee inayoitoa jasho mashine, na kila mara tunaianza mwanzo. Ikifika pale imeshachemka, inapunguza kasi, baba anakwama. Hakuna neno wala nini.

Nimelitoa shuka. Tena nimeiacha mashine iigeuze video yote kabisa, ikae tayari. Nimefurahi kama mjinga.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba aligeuka, akafungua mdomo, akasema.

"Zima simu hiyo. Naenda shamba mara moja, narudi."

Akainuka, akajipangusa kanzu, akatoka kwenye picha. Kikabaki kigoda na kuku wanapita.

Nilikuwa nimesahau. Asubuhi ile ya mwisho alimuaga mama hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Majirani ndio waliomleta, keshafariki.

Mama hakulia. Alisema tu, "Kaenda." Chakula hajagusa.

Najichukia.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kaniita kabla ya chai.

"Mwanangu, mrudishe pale alipokuwa anasimama."

"Mama, sasa haikwami."

"Ndiyo maana nakuomba."

Nimeifuta ile niliyoigeuza. Nimeacha ya simu peke yake, ubora nimeurudisha ulivyokuwa, shuka nimelilaza tena juu ya matundu, mashine ichemke palepale. Sijawahi kuharibu kitu kwa uangalifu namna hii.

Baada ya alasiri baba amegeuka, amefungua mdomo, amesimama hapo. Mama kasogeza mkeka karibu, akaanza kumpa habari. Mahindi yamevunwa, shangazi kaja, mguu unaomsumbua mama umepata nafuu kidogo. Akisema jambo ananyamaza, anasubiri, halafu anaitikia.

Nilikuwa mlangoni. Nimeogopa, sifichi. Nikavua viatu, nikakaa pembeni yake.