Breki ya Mkono, Siku ya Posa

Jumapili, 10 Machi

Nimewaficha watu jambo kuhusu safari ya Ijumaa. Daktari anasema moyo wangu hautafika kiangazi, na binti yangu Najwa anadhani sikusikia. Basi niandike.

Tulikwenda kumposea Kutaiba, mjukuu wa mdogo wangu Mifleh. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo ndiye mshenga, na gari la mshenga hutangulia. Hakuna anayelipita. Wakaniomba niendeshwe. Nikakataa. Kutaiba alikuwa ameliosha gari, akaliegesha mteremkoni na kuvuta breki ya mkono, kama kila mtu afanyavyo hapa Salt, mji wa vilima. Nikaingia, nikawasha, nikaondoka. Breki sikuishusha.

Jumatatu, 11 Machi

Usingizi wa mchana. Nimeiota tena ile barabara. Milozi imechanua — nyeupe, nyeupe, mpaka vilimani. Gari zito, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nyuma yangu ukoo mzima, taa zimewashwa mchana, wanatambaa. Hata honi moja.

Mifleh, kando yangu, akaniuliza: "Kaka, unaendesha gari au unamsindikiza bibi harusi?"

Nikamwambia mwendo wa posa ni wa heshima.

Baadaye akanusa. "Kuna kitu kinaungua."

"Wachungaji wanachoma magugu."

Akafungua dirisha. Ana wajukuu, na bado habishani na kaka yake.

Jumanne, 12 Machi

Tulifika jua limezama. Nusu ya wageni wa Abu Ghazi, baba wa binti, walikwisha kuondoka. Mafuta yameganda juu ya nyama ya kondoo. Nikapewa kahawa, nikaiweka chini bila kuionja, kama inavyotakiwa, nikamposa binti yake, Tala, kwa ajili ya kijana wetu. Wanawake walikwisha kukubaliana tangu wakati wa baridi. Lilibaki neno la hadharani, kisha tunywe. Neno hilo Abu Ghazi hakulisema.

"Nipeni muda," alisema.

Kahawa ikapoa mbele yangu. Tukatoka bila kunywa. Uzee wote huu, sijapata kuona hilo.

Nje, magurudumu ya nyuma yanafuka moshi. Mtu akachungulia ndani, akaiona breki iko juu, akaelewa tumekuja nayo hivyo njia nzima. Kicheko. Kisha macho yote kwa Kutaiba. Waliniona nikishuka upande wa usukani, lakini mzee halaumiwi. Hulaumiwa aliyemwandalia gari.

"Anampandisha mzee wake gari lililofungwa breki," akasema Abu Ghazi. "Binti yangu nimpe huyu?"

Kutaiba akainamisha kichwa.

Alhamisi, 14 Machi

Kutaiba amekuja na machungwa. Amenimenyea moja, kipande kwa kipande, mpaka nyuzi nyeupe amezitoa.

"Babu, usijisumbue. Ni gari tu."

"Na Tala?"

"Kaka zake wamechukua simu yake." Akacheka kidogo. "Wanasema nikajifunze kwanza kuendesha punda."

Neno lilinifika ulimini. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Akanifunika blanketi. Kisha nikalala kweli — na barabara ikawa pale, taratibu, haina mwisho.

Najwa anasema Abu Ghazi atakuja kesho kunijulia hali na kuleta jibu. Mifleh keshalisikia. Ni hapana.

Ijumaa, 15 Machi

Amekuja. Yuko chumba cha pili, anaswali Alasiri. Naandika haraka.

Amenishika mkono muda mrefu. "Mzee wangu, na wewe sina ugomvi. Nyumba yako ni nyumba yangu. Ila kijana huyu, hapana."

Nikamwambia: aliyeendesha ni mimi. Breki ni yangu.

"Ulisahau. Mtu wa umri wako husahau, Mungu akuongezee afya. Kijana ndiye alipaswa kukumbuka."

Ametabasamu, kanirekebishia mto. Hata kosa langu amempa Kutaiba. Nikiliacha hapo, binti ataolewa kwingine, na mimi nitazikwa nikisifiwa.

Namsikia anatoa salamu, kulia, kushoto. Nitamwambia hivi, akae asikae:

Sikusahau. Kabla ya nusu ya njia niliishika breki, nikajua iko juu. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Nikaondoa mkono. Watu wangu wote walikuwa nyuma yangu, kwa mara ya mwisho, na sikutaka kufika.