Shikamoo Kutoka Kasumbalesa

Seifu, mtani wangu, mzoga wa watu,

Salamu sikupi. Salamu zako zimetutosha, na utaelewa mbele kwa nini nasema hivyo. Niko Bungu, nimekaa kwa mama ntilie pale malori yanapoegeshwa, chai imepoa na mwenye kibanda ananitazama kama mwehu kwa sababu naandika huku nasonya. Barua ya maiti hupelekwa wapi, sijui. Nitaisoma kwa sauti ndani ya lori, halafu nitaichana. Ukisikia umesikia.

Kwanza nikutukane. Ni haki yangu na sikuipata. Ukoo wenu na wetu ni watani tangu babu na babu, na wewe unajua kazi ya mtani msibani. Nilitakiwa nivae shati lako lile la kijani, nitembee naburuta miguu kama wewe, nilizuie jeneza njiani niseme haendi mtu kaburini mpaka nipewe jogoo. Mama yako angecheka bila kutaka, machozi yanamtoka huku anacheka. Badala yake nilikuwa Zambia na mzigo wa watu mgongoni, ujumbe umenifikia umeshazikwa. Hakuna aliyekucheka. Ulizikwa kimya kimya kama msafiri asiyejulikana kwao.

Basi pokea sasa. Ulikuwa mvivu. Ulikuwa na miguu kama ya korongo. Umekufa huna mke, kwa sababu hakuna mwanamke kuanzia Mbwera mpaka Nyamisati ambaye hakuwahi kukusikia ukikoroma ndani ya boti. Na wewe, mtoto wa maji, uliyenicheka mimi mtu wa milimani eti nikivuka mto nafumba macho na kusoma dua, wewe ndiye uliyekufa maji! Mimi sijui kuogelea, nipo, nanenepa. Aibu yako. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Wewe nadhani ulitapatapa kidogo tu ukaona uvivu.

Ee Mola wangu. Subiri nimalize hii chai.

Haya. Mchezo wa kutangaziana vifo uliuanza wewe, nisikilize vizuri, uliuanza wewe. Tulipokuwa shule pale Kibiti ulimwendea mwalimu huku unafuta kamasi, ukamwambia Omari kafariki alfajiri. Darasa zima likaja kwetu kuzika, wamejipanga mistari, na mama yangu akawapokea kwa mshangao huku mimi niko juu ya mkorosho naangalia. Ulichapwa, nikachapwa na mimi, ati kwa nini niko hai. Tangu siku hiyo tumeuana mara ngapi? Nami nilikuzika Ikwiriri, nikakuzika na Mbwara, kijiji cha shangazi yako, mpaka akanitupia mwiko. Shamte na Kibwana, wenzetu wa darasani, ndio waliokuwa wachekaji wetu wakubwa. Kibwana hata akajifunza kuiga sauti yako, ile ya puani, ili mtu akishaambiwa umekufa asikie unamwita nyuma ya nyumba. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Bibi yako alituambia, tukamcheka naye.

Sasa sikiliza usaha.

Safari iliyofuata baada ya kufa kwako nilikwama Kasumbalesa, mpakani na Kongo, upande wa Zambia. Foleni ya malori pale unaweza ukafuga ndevu. Nimelala chini ya tela, mchana, jua kali, nikasikia mtu anamtukana utingo wake kwa Kindengereko. Tusi lile la samaki, si unalijua. Nikatoka chini ya gari mbio. Shamte! Kanenepa, ana kitambi, ana jino la dhahabu, lakini mdomo ni ule ule. Tulikumbatiana mpaka madereva wengine wakatupigia honi. Wallahi nilifurahi, Seifu. Ukiwa ugenini miaka yote unaongea Kiswahili cha kuombaomba, unajieleza kwa askari, kwa karani, kwa mwenye gesti, halafu unamkuta mtu anayejua jina la mbwa wenu. Akanivuta tukavuka kwa miguu, akasema njoo nikuoneshe mzuka. Mzuka wenyewe ni Kibwana. Anaziba matairi upande wa pili, ana mke wa kule na karakana yake mwenyewe. Alipika mbuzi kwa ajili yangu, na ule ugali wao wanaouita bukari, tukakaa nyuma ya karakana juu ya matairi.

Tulikula, tukacheka. Nilikuwa na neno moja kifuani na sikujua nilitoe vipi, maana wale walishapotezana na nyumbani, namba walizokuwa nazo zilikwisha kufa zote isipokuwa yako. Hawakujua kitu. Mwishowe Shamte akauliza, Na mwehu wetu wa Mbwera? Nikasema, Seifu amefariki. Boti ya mpunga ilimpindukia mlangoni mwa mto.

Wakacheka.

Walicheka mpaka Kibwana akaanguka kwenye tairi. Nikasema jamani ni kweli. Shamte akasema, Huyu hajabadilika! Nikaapa. Wakasema hata zamani ulikuwa unaapa. Nikaanza kulia, Seifu, mimi, dereva mwenye mvi, nikalia na nyama mkononi. Shamte akawaita majirani waje waone, Tazameni mtani anavyolia, tazameni kazi hiyo! Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kujipiga mapaja. Kwa nini wasicheke? Maisha yetu yote machozi yangu juu yako yalikuwa ya uongo.

Ndipo Shamte akachukua simu, akabonyeza namba yako. Anaijua kwa kichwa. Akaweka laudispika.

Simu yako uliiacha nyumbani siku ile, inachaji kwenye sola. Mama yako anaichaji mpaka leo. Akapokea yeye. Nilimrukia Shamte nimnyang'anye, akanizuia kwa kiganja kifuani huku anacheka, mwenzako mnene yule, akasema, Mama! Mimi Shamte! Mwambie huyo aliyejificha hapo kwamba maiti wake tunaye huku Kongo, anatumalizia nyama! Alidhani umekaa pembeni ya mama yako, mmepanga mchezo na mimi; maiti mla nyama alikuwa mimi, lakini mama yako akasikia kwamba ni wewe.

Mama yako akasema, Mpe simu.

Kibwana akaipokea. Akaibana pua. Mama, shikamoo. Nakuja.

Ilikuwa wewe, Seifu. Hata mimi nywele zilinisimama. Mama yako akajibu, Marahaba mwanangu. Umekula?

Hapo ndipo vicheko vilipokatika, maana mtu anayeshiriki mzaha haulizi hivyo, na haulizi kwa sauti ile. Kibwana alikuwa ameishikilia simu sikioni na midomo wazi. Mtandao ukakata. Shamte akanitazama, akasema polepole, Omari, kwani ni kweli? Nikampiga. Nilimpiga kibao cha uso na hakurudisha.

Sasa sharti nikuambie na hili, ambalo mjomba wako Ngwele alinikataza kulisema. Walikuokota kwenye mikoko baada ya siku kadhaa. Hukuwa mtu wa kutazamwa. Mjomba alikutambua kwa lile kovu la panga begani, wakakuosha kwa kukumwagia maji tu, wakakuzika jioni hiyo hiyo. Mama yako hakuoneshwa uso. Aliambiwa tumemtambua, inatosha. Nilipokwenda kumpa pole, swali lake lilikuwa moja tu kwa kila aingiaye: Wewe ulimwona uso? Kila mmoja alimpa mkono wa pole, akapita. Kwa hiyo moyoni mwake mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Kibwana akausukuma.

Nilimpigia tena na tena, simu haipatikani. Siku ya pili nikampata mjomba. Akanifokea mpaka nikaiweka simu mbali. Mama yako ameitangazia Mbwera nzima kwamba upo hai, upo Kongo, umeona aibu tu kurudi bila kitu. Amekatiza hitma. Amewaambia waliokuzika kwamba wamemchukua maiti wa watu wengine, huko kwao wanamtafuta, na amemwendea mwenyekiti wa kijiji anataka kaburi lifukuliwe. Seifu, alitaka kukufukua. Mjomba akaniambia, Mliyaanza wenyewe huko, njooni muyamalize wenyewe huku, kabla dada yangu hajaona asichotakiwa kukiona.

Shamte alichoniambia tulipoagana ni hiki: Mwelewesheni tu kwamba ulikuwa utani. Nilitamani kumpiga tena.

Nilishusha mzigo Dar, nikapanda gari mpaka Kibiti, nikaenda Nyamisati, nikapanda boti. Nilifumba macho njia nzima, haya, cheka. Mama yako, Bi Mwanahawa, alikuwa amesimama pwani. Kuna mtu alishamwambia nakuja. Amevaa kanga mpya. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu, mtu mmoja mmoja anavyoshuka, mpaka boti ikawa tupu. Akaniuliza, Yeye anakuja na boti ya pili?

Nyumbani kwako kulikuwa na wali wa nazi na kambamiti. Godoro lako liko juani. Nikakaa chini mbele yake, nikasema mama, Seifu amekufa, yule alikuwa Kibwana. Akasema nimemsikia kwa sikio langu. Nikasema Kibwana hujua kumwiga. Akasema, Mimi nimemzaa, utanifundisha sauti yake? Kaniamkia mwenyewe, akasema, kaniamkia. Kila nilichosema kilimgonga na kuanguka chini. Akasema kesho wanafukua na utaona.

Nikampigia Kibwana. Wallahi sikupanga. Nikaweka laudispika, nikamwambia, Fanya. Akauliza nifanye nini. Nikasema fanya kama siku ile, mama yuko hapa anasikiliza. Akaanza kulia, Omari usinitende hivyo. Nikamwambia, Wewe ndiye uliyemfufua, wewe ndiye utakayemzika. Fanya.

Tukamsikia anabana pua. Mama, shikamoo. Nakuja.

Mama yako alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Midomo yake ilikwenda mbele ikarudi. Akasema, Marahaba, Kibwana.

Akalala pale pale kwenye mkeka, akalia kilio ambacho mazishini hakukilia. Wanawake wakaja wakamfunika. Mjomba wako akaenda kumwambia mwenyekiti kwamba kaburi liachwe. Upo palepale ulipo, usiogope, hakuna atakayekugusa.

Lakini hayajaisha. Kulipokucha alinifuata pwani, macho yamemvimba, sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi. Alitaka namba ya Kibwana. Ijumaa kwa Ijumaa tu, akasema. Aniamkie tu, basi. Najua kwamba si yeye, mimi si mwehu, najua. Akanishika mkono wa shati. Nikamkatalia. Mama yako, aliyenilisha mimi kwenye sahani moja na wewe, ameniomba kitu kimoja na nimemkatalia mbele ya watu wa boti. Akaniachia mkono. Akasema, Umemtoa, ukamrudisha, ukamtoa tena. Basi usikanyage kwangu.

Huenda nimekosea. Huenda mtu mwenye huruma angempa. Mimi nilimwona akilini mwangu amekaa kila Ijumaa na simu mapajani, anasubiri mziba matairi wa Kasumbalesa abane pua, mpaka afe. Nikaona heri anichukie. Kibwana ameniapia kwamba hataitoa tena sauti hiyo, na safari hii aliapa bila kucheka.

Jana nimepiga simu yako kumjulia hali mama yako. Akapokea haraka haraka, kwa mlio wa kwanza. Nikasema mama, shikamoo, ni mimi Omari. Akasema, Kama si yeye sina maneno. Akakata.

Kwaheri, Seifu, mvivu wewe, lala. Nitampigia tena Ijumaa, na Ijumaa nyingine, kwa sauti yangu hii mbaya, akate anavyotaka. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mimi mtani wako, niliyebaki,
Omari