Baiskeli ya Mbio ya Kwendea Lindoni

Jumatatu, 3 Novemba
Baiskeli yangu ya kikapu, dakika kumi, nipo kwenye geti ninalolinda. Kama kila siku. Halafu Sir Okello, msimamizi wetu wa walinzi, akanipa karatasi. Wiki ijayo lindo langu ni mnara mmoja wa mjini, mbali, kuripoti saa kumi na mbili kamili asubuhi. Niende na basi la kampuni. Hilo basi linapita hapa Discovery Gardens, mtaa wetu wa Dubai, saa tisa na nusu usiku, linazunguka kambi zote za wafanyakazi kuokota watu. Khalas, imekwisha, usingizi basi tena. Sikubali.

Jumanne, 4 Novemba
Nimemwambia Sir Okello nitakwenda kwa baiskeli. Akacheka. Mwanamke, kilomita zote zile? Akaweka sharti: siku nikichelewa hata dakika moja, narudi kwenye basi moja kwa moja. Sawa.
Hii ya kikapu nzito mno kwa safari hiyo. Nataka ya mbio.

Ijumaa, 7 Novemba
Off, siku ya mapumziko. Nimekwenda Deira gatini kwa Mzee Haji, Mzanzibari anayekusanya baiskeli zilizotumika ili azipeleke kwao. Zimelazwa rundo, pedali zimefunguliwa, tayari kufungwa kamba.
Shani, mwenzangu wa chumba, alinisindikiza, na ndiye aliyenichosha. Kanionyesha ya kikapu. Kanionyesha ya tairi nene yenye springi, Mzee naye akaunga mkono. Nikainyanyua, mzigo! Kwenye lami springi za nini? Chini ya rundo nikaona nyeusi, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Nikasimama juu ya fremu, miguu ikafika chini vizuri. Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Hii hapa.
Shani akasema mwanamke kuinama vile barabarani ni aibu. Aibu yangu nitaibeba mwenyewe. Nina suruali ya sare na mtandio chini ya helmeti, anataka nini zaidi?
Mzee alitaka kunifungia pedali. Nimekataa, nikazitia mfukoni. Sijaja mpaka Dubai kufungiwa pedali na wanaume. Pikapu yake ikatuleta nyumbani.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeazima spana. Pedali ya kulia imeingia yenyewe. Ya kushoto ilileta ubishi, nikaikandamiza mpaka ikaingia. Mikono inaniuma. Shani anacheka tu.

Jumatatu, 10 Novemba
Naandika kwa hasira. Nusu ya njia, pedali ya kushoto ikachomoka. Nikairudisha, ikachomoka tena. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, kwenye mwinuko wa daraja nikashuka nikakimbia nikiisukuma. Sikulia. Nilitukana.
Nimefika saa kumi na moja na dakika hamsini na sita. Sir Okello akatazama saa, akatazama grisi kwenye suruali yangu.
“Na kesho?”
“Kesho nakuja na hii hii, sir.”
Baada ya kazi nimempigia Mzee Haji. Akasema, “Mwanangu, ya kushoto yazungushwa kinyume kuifunga. Mbona hukuniuliza?”
Kweli sikuuliza. Kiburi changu kimekula nyuzi zote za skrubu ndani ya tundu la pedali. Fundi wa karibu na metro amebadilisha mkono mzima wa pedali. Nilisimama pembeni nikitazama kila mzunguko wa spana. Sasa najua.

Jumanne, 11 Novemba
Njia nzima dakika ishirini na tisa. Yalla, twende!

Jumamosi, 15 Novemba
Siku ya tano, sijachelewa. Sir Okello amesaini daftari la zamu. Basi limefika baada yangu, wenzangu wakashuka mmoja mmoja, macho mekundu. Prossy, Mganda wa geti la nyuma, aliizunguka baiskeli, akabinya tairi, akauliza Mzee Haji anapatikana siku gani. Nikamwambia Ijumaa.
Dakika kumi zilikuwa zimebaki kabla ya zamu. Nimekaa kitini, nimekunywa chai kikombe kizima, ingali ya moto.