Siku Tatu za Pwani Hazimtoshi Mama Yako

Festo, umenikera. Barua ya kurasa mbili, yote ni hoteli za Zanzibar za kumpumzishia mama yako: hii ina bwawa, ile ina vitanda vya kulalia mchangani, Bibi nichagulie. Mimi niliishia darasa la tatu, hoteli nizijulie wapi?

Hapa Titye hatujambo. Maharage tumeanika, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Sasa sikiliza, mwana wanje, mjukuu wangu. Miaka ya sabini babu yako, akiwa mwalimu, alinipeleka Kigoma tupumzike ziwani siku tatu, kwenye nyumba ya wageni. Alfajiri nikaamka, nikafagia uwanja wote. Mwenye nyumba akasema, "Mama, wewe ni mgeni." Nikamjibu, "Mgeni si mgonjwa." Siku ya pili nikawaoshea masufuria yao, babu yako anaoga ziwani peke yake, amenuna. Siku ya tatu ndipo nilipokaa mchangani, nikanyoosha miguu, nikasikia mgongo unalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hapo hapo babu yako akaniita, lori la kurudi Kasulu linaondoka. Nililia njia nzima, nikamwambia ni vumbi.

Mama yako nimemzaa mimi, na hajakaa kitako tangu baba yako afariki. Nawe umempangia siku tatu. Hoteli chukua yoyote yenye mchanga mlangoni. Ila leo hii, kabla hujala, wapigie simu wenye hoteli uwaambie mnakaa siku kumi.

Bibi yako.